Istilahi za Lugha ya Asembli: Tahadhari juu ya Visawe Vitatu

Mtafsiri wa maandishi ya ufundi hupimwa zaidi pale ambapo msomaji wake hatasoma tu, bali atatenda kwa kufuata alichosoma. Tumepata nafasi ya kuipitia rasimu ya tafsiri ya somo la wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya asembli, yaani lugha ambayo kwa kawaida kila agizo lake husimamia agizo moja la mashine yenyewe. Somo lahusu prosesa ya 8086, iliyotolewa na Intel mwaka 1978, na zoezi lake ni dogo: kuzigeuza herufi ndogo za sentensi ziwe kubwa.

Kiswahili cha rasimu ni safi. Aidha, mtafsiri amefanya vyema kuviacha vifupisho vya maagizo, kama MOV na JMP, jinsi vilivyo, kwani mashine haitambui vingine. Hata hivyo, visawe vitatu katika maelezo yake haviwezi kupita bila kusahihishwa.

Cha kwanza ni "herufi". Kwa mujibu wa mfumo wa ASCII, uliosanifiwa Marekani mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo mwaka 1967, kila alama ina nambari yake: a ni 97 na A ni 65. Kwa hiyo herufi ndogo hugeuzwa kuwa kubwa kwa kupunguza 32. Lakini nafasi, nukta na tarakimu nazo zina nambari, ingawa si herufi. Somo la asili limetenga dhana hizo mbili, rasimu imezichanganya na kuandika: "Soma herufi, ikiwa ni herufi, punguza 32." Mwanafunzi ataliona sharti hilo halina maana, naye ataliacha. Matokeo yake ni nini? Katika neno "ng'ombe", kibainishi chenye nambari 39 kitageuka kuwa 7, ambayo katika mfumo huo ni agizo la kupiga kengele. Kosa hilo si la mwanafunzi. Ni la istilahi.

Cha pili ni "hamisha", kilichotumiwa kueleza MOV. Ni kweli kwamba kifupisho hicho chatokana na neno la Kiingereza lenye maana hiyo, lakini tendo lenyewe silo. Aliyehama nyumba ameiacha tupu. MOV huiacha alama mahali pake katika kumbukumbu, na kuweka nakala yake katika rejista. Mwanafunzi aliyefundishwa "hamisha" atahangaika kuirudisha hata alama asiyoibadili, akidhani imeondoka. Hapa kisawe kifaacho ni "nakili", neno ambalo kila karani analijua.

Cha tatu ni "ruka", nacho ndicho cha hatari zaidi. Mwalimu akisema "ruka swali la tano", wanafunzi huliacha swali hilo. Basi rasimu isemapo "nambari ikiwa chini ya 97, ruka ENDELEA", msomaji ataelewa kwamba sehemu iitwayo ENDELEA isitekelezwe, hali maana iliyokusudiwa ni kwenda moja kwa moja hadi hapo. Lugha yetu inayo dawa: kauli ya kutendea. "Rukia ENDELEA" huonyesha mahali pa kufikia, na "nenda ENDELEA" ni wazi zaidi.

Huenda wengine wakasema kwamba mwanafunzi atazoea. Hatukubaliani nao. Anayelazimika kuusahau Kiswahili chake ili aelewe somo la Kiswahili atahitimisha kwamba lugha hii haiifai sayansi, na lawama itaiangukia lugha badala ya mfasiri.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) "alama" itumike kwa chochote chenye nambari katika mfumo, na "herufi" ibaki kwa A hadi Z, ndogo na kubwa;

(b) "nakili" ichukue nafasi ya "hamisha" katika maelezo ya MOV;

(c) "rukia" au "nenda" ichukue nafasi ya "ruka".

Zaidi ya hayo, kila mtafsiri wa somo la namna hii achukue kalamu na karatasi, alifuate zoezi hatua kwa hatua kwa maneno ya tafsiri yake tu, bila kuangalia somo la asili. Akipata jibu lisilo sahihi, asiitafute kasoro katika hesabu kabla ya kuitafuta katika istilahi zake.