Jiwe la Mtu wa Dar es Salaam

Wasomaji wetu wa Rujewa wajua ya kuwa kaburi halikanyagwi. Kwa hiyo tulipozitazama picha za vijiwe vya ukumbusho vya Gunter Demnig, fundi wa Kidachi, kwanza tulichukizwa. Kila kimoja ni kipande cha saruji chenye bamba la shaba ya manjano, upana wake sentimita 10, nacho hutiwa njiani mbele ya nyumba alimokaa mtu aliyeuawa na watu wa Hitler. Wapitao hukikanyaga kwa viatu.

Kimoja, kilichotiwa mwaka 2007 katika njia iitwayo Brunnenstraße mjini Berlin, ni cha mwenzetu, Mahjub bin Adam Mohamed, aitwaye pia Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari. Naye alitumika katika jeshi la Wadachi angali mtoto, katika vita iliyoanza 1914. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita, wa baba yake na wake mwenyewe, akanyimwa. Akakaa huko, akaandaa meza za wageni, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika sinema. Mwaka 1941 alikamatwa kwa ajili ya mwanamke wa Kidachi, maana sheria zao zilikataza. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen pasipo hukumu, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Katika kambi ile uko mnara wa mwaka 1961, urefu wake meta 40, wenye pembetatu nyekundu, alama waliyovishwa wafungwa wa siasa. Mbele yake wamesimama askari wa Kirusi na wafungwa wawili, kazi ya René Graetz. Mkono wa fundi ni hodari, lakini hatuwezi kuisifu kazi. Wafungwa wale wana miili ya wapagazi walioshiba, njaa haionekani. Tena Mahjub hakufungwa kwa siasa, basi pembetatu zile hazimtaji.

Kijiwe hakina umbo la mtu, ila kina jina, na atakaye kulisoma hana budi kuinama. Hapo uchungu wetu ulipungua, wala haukwisha: mji wa München umevikataa vijiwe hivi katika njia zake, na hoja mojawapo ni hiyo ya kukanyagwa. Hatuwacheki.

Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, ya mwaka 1927: ina uso na bunduki, jina haina. Lau tungeulizwa habari za bamba la Berlin, tungeomba neno moja tu liongezwe, kwa lugha aliyoifundisha: mwalimu.