Joto Kabla ya Panya: Chatu Mpira na Siku Zake za Kwanza Kizimbani

Chatu mpira, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Python regius, ni mdogo katika ukoo wake: aliyekomaa huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na 150, ilhali chatu mkubwa wa Afrika, anayepatikana pia Tanzania, huweza kupita mita 4. Jina lake linatokana na desturi yake ya kujiviringa akitishwa, kichwa kikiwa kimefichwa katikati ya mapindi. Makao yake ya asili yanaanzia Senegali hadi Sudan Kusini na kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa hiyo hayupo katika pori la Korogwe wala la Handeni, mkoani Tanga. Lakini hali ya hewa na panya wa wilaya hizo mbili hufafanua vizuri kwa nini nyoka huyu, akishahamishwa, mara nyingi hukataa kula, na kwa nini kosa huwa la mtunzaji anayehangaikia mlo kabla ya makao.

Chatu hajitengenezei joto la kutosha mwilini. Istilahi ya mnyama wa damu baridi imezoeleka, ingawa inapotosha kidogo, kwa kuwa damu yake hufuata joto la mahali alipo. Zaidi ya hayo, yeye ni mwindaji wa kuvizia anayeweza kukaa wiki nyingi bila windo, na mwili wake umejipanga kwa hali hiyo: baina ya mlo na mlo utumbo husinyaa na kazi ya vimeng'enya, yaani kemikali zinazovunja chakula, hupungua, kisha windo likishamezwa viungo hivyo hurudi kukua kwa kasi kubwa. Kwa chatu wa Burma, jamaa yake mkubwa aliyechunguzwa zaidi maabarani, hata misuli ya moyo ilionekana kuongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 ndani ya siku 2 baada ya mlo. Ujenzi huo wote hutegemea joto; likikosekana, windo huanza kuoza tumboni kabla halijameng'enywa, na nyoka hulitapika. Kukataa kula mahali penye baridi si ukaidi, bali ni kinga.

Ndiyo maana kizimba huandaliwa na kupimwa kabla nyoka hajafika. Upande mmoja hupewa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili takriban 26, na kila upande huwekwa maficho yake, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Maficho hayo yanapaswa kuwa finyu kiasi cha mwili kugusa kuta, kwa sababu porini chatu mpira hujibanza katika mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Sanduku pana, hata likipendeza machoni pa mwenye nyumba, kwake ni uwanja wa wazi. Mjini Korogwe, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, hewa ya chumba yenyewe hukaribia kiwango cha upande wa baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kazi ya ziada hubaki katika upande wa joto na katika usiku wa Juni hadi Agosti. Akipandishwa Lushoto, karibu mita 1,400, hesabu hubadilika kabisa. Popote kinapotumika kifaa cha kupasha joto, huambatanishwa na themostati, yaani kidhibiti kinachokata umeme kiwango kilichowekwa kinapofikiwa, kwa sababu chatu huweza kubaki juu ya sakafu inayomuunguza tumbo bila kujiondoa. Tatizo la kinyume chake ni umeme kukatika, jambo ambalo wakazi hawaliepuki licha ya mitambo ya umeme wa maji ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, kuwamo wilayani Korogwe.

Baada ya kuwasili, nyoka huachwa kwa takriban wiki moja bila kushikwa, akibadilishiwa maji tu. Windo la kwanza huwa dogo, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwa nyoka mchanga, na inafaa liwe limekufa, kwani panya hai aliyeachwa kizimbani na nyoka asiye na hamu huweza kumng'ata hadi kumjeruhi vibaya. Panya aliyegandishwa huyeyushwa, kisha hutiwa katika maji ya moto hadi akaribie joto la mwili wa panya hai, hukaushwa, na kutolewa jioni kwa koleo ndefu. Hatua ya kupasha joto ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali ndiyo yenye uzito: kwenye magamba ya midomo ya chatu kuna vishimo vinavyohisi joto, na windo la baridi kwake ni sawa na kipande cha gogo. Akikataa, windo huondolewa na nyoka husubiriwa siku 5 hadi 7. Kumjaribu kila usiku humzidishia hofu tu. Akila, hashikwi kwa saa 48.

Watunzaji wa Ulaya na Marekani wanaoshindwa na nyoka asiyetaka panya weupe hununua panya wa jamii ya Mastomys, ambao chatu mpira huwapokea kwa wepesi zaidi. Hiyo ndiyo jamii ya panya shamba, wanaofukua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni na ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamewachunguza kwa miongo mingi. Mwenye haraka angehitimisha kwamba mkulima wa Handeni ana ghala la chakula cha chatu shambani kwake. Hitimisho hilo ni la hatari, kwa kuwa panya wa shambani huenda amekula sumu, ambayo kugandisha hakuiondoi, na hubeba vimelea na viroboto. Viroboto hao huweza kueneza tauni: wilaya ya Lushoto, jirani ya Korogwe, ilipata wagonjwa wa ugonjwa huo zaidi ya 7,000 tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Panya wa kulishia ni lazima wawe wamefugwa. Kifaranga cha kuku ni njia nyingine inayostahili kujaribiwa, kwani utafiti wa Luca Luiselli na Francesco Angelici nchini Nigeria, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba madume na chatu wadogo hula ndege kwa wingi, ingawa nyoka aliyezoeshwa vifaranga huwa mgumu kumrudisha kwa panya.

Kuna pia mfungo usio na tatizo. Chatu anayekaribia kujivua gamba huona hafifu na mara nyingi hukataa windo. Na jike huatamia mayai kwa takriban siku 60, kwa kawaida bila kula. Kwa hiyo mizani hutoa jibu la kuaminika kuliko kalenda: nyoka mzima aliyesusa miezi 2 bila kupungua uzito huachwa atulie, ilhali aliyepoteza asilimia 10 hupelekwa kwa daktari wa mifugo, baada ya kipimajoto cha kizimba kukaguliwa kwanza.