Neno "Mapokeo" na Ubishi wa Maandiko Peke Yake

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tena walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hizi mbili zagawana ubishi wa kale wa Wakristo: je, imani hupimwa kwa Maandiko peke yake, au kwa Maandiko pamoja na mapokeo ya mdomo? Katika nchi ya Arusha na mlima Meru, Walutheri na Wakatoliki ni majirani, na swali hili halimwachi mwalimu. Nasi twaona kwamba majibu mengi huharibika kwa kuwa neno lenyewe halijapimwa.

Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Marko sura ya 7, Bwana awakemea walioacha amri ya Mungu kwa ajili ya mapokeo ya wanadamu. Katika 2 Wathesalonike 2:15 Paulo awaagiza ndugu washike mapokeo waliyofundishwa, kwa kinywa au kwa waraka. Neno ni lile lile, kama lilivyo moja katika Kiyunani, paradosis. Watafsiri wetu walifanya vema. New International Version ya Kiingereza, iliyotolewa nzima mwaka 1978, iliweka "mapokeo" penye lawama, na penye agizo ikaweka "mafundisho". Msomaji wa toleo hilo aliweza kudhani Mtume hakuyasifu mapokeo kamwe. Msomaji wa Kiswahili ameachiwa shida nzima, nayo ni heri kuliko wepesi usio wa kweli.

Mtaguso wa Trento, tarehe 8 Aprili 1546, uliamuru Maandiko na mapokeo yapewe heshima sawa. Walutheri, katika maungamo yao ya mwaka 1577, walishika kwamba Maandiko pekee ndiyo mwamuzi. Wakatoliki huuliza: orodha ya vitabu vyenyewe mliipata wapi, ila kwa Kanisa? Hakika Athanasio aliandika orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya katika waraka wa mwaka 367. Swali ni zito, walakini halimalizi shauri. Mkunga humpokea mtoto, wala hamzai. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulinena kwamba mamlaka ya ualimu katika Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu, bali hulitumikia.

Sasa tutazame hapa Meru. Wamisionari wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Oktoba 1896. Wenzao wakakaa Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Walihubiri Maandiko peke yake; hata hivyo watu waliwapokea kwa sikio kwanza, kabla ya kushika kitabu. Wala sikio hilo halikuwa jinga. Mshili wa Wameru, na olaigwanani wa Waarusha, hunena yaliyopokewa mbele ya watu wanaoyajua, nao humsahihisha akikosea. Mapokeo ya mdomo, basi, yana mashahidi wake. Lakini mashahidi hao ni wale waliopewa nafasi barazani. Mke na kijana hawakuwa na mahali pa kuuliza. Kitabu kiliwapa mahali: binti ajuaye kusoma aweza kumwambia mzee, au padre, au mchungaji, "Limeandikwa wapi?"

Hapa ndipo tunapowalaumu watetezi wengi wa Maandiko peke yake. Hulitumia neno hilo kama panga la makali upande mmoja. Desturi za wazee wa mlimani hukatwa. Bali tuni, kanzu na taratibu za ibada zilizotoka Ujerumani hupita salama, kwa sababu zilifika pamoja na kitabu. Nazo ni mapokeo. Vivyo hivyo, Mkatoliki atajaye mapokeo bila kuonyesha nani alimkabidhi nani, huleta desturi tu, akaiita ya Mitume.

Yampasa mwalimu, kabla ya kutetea au kukataza neno lolote, aulize mambo matatu: lilipokewa kwa nani? Neno la Mungu lasemaje juu yake? Na nani amezuiwa kuuliza? Asiyethubutu kuuliza la tatu, hata akishika Biblia mkononi, bado yuko chini ya mapokeo ya wanadamu.