Tofali Lisiloonja Moto

Fundi wa matofali ya udongo huko Eldoret huanza na kiganja, mashine baadaye. Huchota konzi ya udongo mwekundu uliochanganywa na saruji na maji, akaufinya donge, kisha akaliachia lianguke kutoka usawa wa kifua. Likitawanyika kama unga, maji hayajatosha. Likibaki zima, yamezidi. Likipasuka vipande vitatu au vinne, anamwita kijana wa kuvuta wenzo wa mashine: kazi ianze.

Mji huu uliozaliwa kwenye shamba nambari 64, na ambao wengi bado huuita Sisibo kwa nambari hiyo, ulitawazwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Magorofa yanachipuka kila upande. Lakini atafutaye nyumba ya kesho ingefaa ainamishe macho, atazame udongo anaoukanyaga.

Si kila udongo, lakini. Ule wa juu wenye mizizi na mboji hukwanguliwa na kurudishwa shambani. Unaofaa uko chini yake. Fundi huujaza mbichi kwenye kisanduku chembamba chenye urefu wa sentimita 60, akauacha ukauke, kisha akapima umesinyaa kiasi gani. Mwanya ule ndio unaomwambia atie saruji kiasi gani. Ni maabara ya mbao nne, na haidanganyi.

Tofali likishashindiliwa haliendi tanuruni, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kulichoma. Hukaa kivulini, limefunikwa nailoni, likinyunyiziwa maji kwa wiki nzima, na hukomaa kwa siku 28 hivi. Wenye haraka hujenga kwa matofali mabichi, kisha huyalaumu yakimomonyoka.

Uzuri wenyewe huonekana ukutani. Ulimi wa tofali moja hukaa kwenye mfuo wa jingine, saruji ya kuunganishia ikawa kidogo mno. Ndiyo maana mstari wa kwanza hupangwa kwa pima maji na uzi, polepole. Kosa lililofanyika pale hupanda mpaka kwenye linta. Na kwa kuwa jiji liko mita 2,100 hivi juu ya bahari, usiku wake hutafuna mifupa. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto la mchana na kulitoa taratibu watu wakiwa wamelala.

Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijiji chake, Gando, kwa matofali ya udongo na saruji, ikakamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Udongo ni uleule ambao watu hudharau.

Adui wake ni maji, na Eldoret mvua haina mzaha. Basi nyumba huvishwa viatu vya mawe na kofia pana ya mabati. Shimo lililotoa udongo nalo halifukiwi: fundi mwenye akili hulijengea kuta, akaelekeza mfereji wa paa humo, na mvua ya Aprili ikaanza kulijaza.