Ufadhili si udhamini, na haki si fadhila

Wiki jana, nikisubiri feri kivukoni Likoni, niliona bango la mashindano ya kandanda ya vijana. Chini yake pameandikwa: 'Mlezi, Mfadhili na Mdhamini', kisha jina la mwanasiasa. Mama mmoja kando yangu akasema, "Huyo ndiye alomfadhili mwanangu, mzee. Kampa basari."

Nikamuuliza basari ilitoka wapi. "Ofisi ya CDF," akajibu.

Maneno hayo matatu yanatumiwa kama pacha ilhali si pacha. Mlezi hulea: mlezi wa chama cha Kiswahili shuleni huongoza na kushauri, hata asipotoa senti. Mdhamini hubeba dhima: aliyemdhamini mshtakiwa mahakamani huwajibika mshtakiwa akitoroka. Watanzania nao husema kampuni 'inadhamini' ligi, kwa kuwa pana mkataba na kila upande una wajibu. Kufadhili kunatokana na fadhila, yaani hisani. Mfadhili hutoa chake kwa hiari, naye aliyefadhiliwa hubaki na deni la shukrani. Ndiyo maana wahenga wakalalamika: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Hata vijana wetu, wanapomwita mzee mwenye pesa 'sponsa', wanajua fika kuwa hisani yake ina bei.

Sina ugomvi na 'ufadhili wa masomo' pale tajiri au shirika linapotoa mali yake. Ugomvi wangu ni na basari za Hazina ya Ustawishaji Maeneobunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003. Hizo ni kodi zetu. Isitoshe, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Tukiziita ufadhili wa mheshimiwa, tunamgeuza mwenye mali kuwa mwombaji, na deni hilo hudaiwa siku ya kura. Tuseme mtoto 'amegawiwa basari' au 'amelipiwa karo na umma'. Hapo hakuna mfadhili.

Feri ikatia nanga. "Kwa hivyo nisimwambie ahsante?" mama akauliza.

"Mwambie, mama. Hata karani wa benki humwambia ahsante akikuhesabia pesa zako. Lakini humwiti mfadhili."