Mali ya Abdurrahman bin Auf na zuhdi ya mimbarini

Makhatibu wetu wanapotaka kuzungumzia zuhdi, huchota katika Ihyaa Ulumid-Din, na aghalabu katika kitabu cha kulaumu mapenzi ya mali. Humo Imam Ghazali (r.a.) amenukuu kwa urefu maneno ya Harith al-Muhasibi, yanayodai kuwa Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.) atazuiliwa Siku ya Kiyama kwa ajili ya mali yake, ingawa aliichuma kwa halali, na ataingia Peponi akitambaa.

Ibnul Jauzi (aliyefariki mwaka 597 Hijria) aliyakataa maneno hayo katika Talbis Iblis, nasi tunaona amesibu. Vipi atambae mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo? Abdurrahman alifika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii akamtolea nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka na kuuliza soko liko wapi. Alipooa, Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa biashara yake, bali alimwamrisha afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Riwaya ile ya kutambaa haikuthibiti. Nasi, Allah atusamehe, tumewahi kuisoma mimbarini bila ya kusema hivyo, mbele ya watu wenye wake na watoto wa kulisha.

Hata hivyo Ibnul Jauzi amemkalia Ghazali kwa ukali kupita kiasi. Ihyaa hiyo hiyo, katika robo yake ya pili, ina kitabu kizima juu ya adabu za kuchuma. Na Ghazali mwenyewe, alipoiacha Nidhamiya ya Baghdad mwaka 488 Hijria, aligawa mali yake lakini akabakisha ya kumtosha yeye na wanawe. Hiyo ndiyo fiqhi: nafaka ya mke na watoto ni wajibu, na wajibu hauangushwi kwa jambo la sunna.

Wapo pia waliofurahia hoja za Ibnul Jauzi ili walale juu ya zaka za watu. Hao wasome tena: yeye aliitetea mali iliyochumwa kwa halali na haki zake zikatolewa.

Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua alitaka kutoa sadaka theluthi mbili za mali yake. Mtume (s.a.w.) akamkatalia, na nusu pia akamkatalia, akamruhusu theluthi moja tu, naye akasema kuwa hata hiyo ni nyingi. Tunawaomba makhatibu waisome hadithi hii siku ile ile wanayosoma kulaumiwa kwa mali.