Irabu Moja katika Lakabu ya al-Mubarrad

Wengi katika wataalamu wa sarufi ya Kiarabu hawajulikani kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Sibawayhi aliitwa Amr bin Uthman, na Qutrub, mwanafunzi wake aliyefariki yapata mwaka 821, aliitwa Muhammad bin al-Mustanir. Husimuliwa kuwa Qutrub alikuwa akirauka kwenda kusoma, hata kila mwalimu alipofungua mlango alfajiri alimkuta amekwisha simama nje. Sibawayhi akamwambia kuwa yeye si kitu ila ni qutrub wa usiku, yaani kijidudu kisichotulia, lakabu ikamganda. Kisa hicho hakina mushkili.

Mushkili uko kwa Muhammad bin Yazid, bingwa wa Basra aliyetunga al-Kamil na al-Muqtadab, akafariki Baghdad mwishoni mwa karne ya 9. Watu wote humwita al-Mubarrad, lakini sababu zinazotolewa hazipatani.

Ya kwanza ndiyo inayopendwa na walimu. Mwalimu wake, al-Mazini, alimwuliza mambo magumu ya kitabu alichokitunga juu ya alifu na lamu, naye akayajibu vizuri mno. Mwalimu akamwambia ainuke, kwani yeye ni al-Mubarrid, mwenye kuithibitisha haki. Basi watu wa Kufa, mahasimu wa Basra katika sarufi, wakaigeuza kasra ya herufi ya ra kuwa fataha. Mzizi wa neno hilo ndio uliokipa Kiswahili “baridi” na “burudisha”. Na kwa kuhamisha alama moja kutoka chini ya herufi kwenda juu yake, mwenye kuburudisha akawa aliyeburudishwa. Kiswahili kisingeweza kufanya kejeli hiyo kwa siri namna ile, maana hakina budi kutia “w” inayosikika.

Ya pili imo katika Wafayat al-A'yan ya Ibn Khallikan, iliyomalizika mwaka 1274, naye ameipokea kwa Ibn al-Jawzi. Mkuu wa askari alimtaka Muhammad aende kuzungumza naye. Yeye hakupenda, akakimbilia kwa Abu Hatim al-Sijistani. Mjumbe alipofika, Abu Hatim alimficha ndani ya ala ya balasi tupu la kupozea maji. Mjumbe alipokwenda zake, Abu Hatim alipiga makofi akilielekea balasi, akiita, “al-Mubarrad! al-Mubarrad!” Watu wakasikia, wakaishika.

Ipi iaminiwe? Ya kwanza inataka mambo mawili yakubaliwe pamoja: sifa yenye kasra ambayo haikudumu vinywani, na hila ya mahasimu iliyoshinda hata miongoni mwa wafuasi wa bwana mwenyewe. Ya pili inaieleza fataha kama ilivyo. Zaidi ya hayo, ya kwanza ina harufu ya darasa: msingi wake wote ni tofauti ya mtenda na mtendwa, somo ambalo kila mwanafunzi wa sarufi huanza nalo. Wanasarufi walikuwa na desturi hiyo. Al-Farra, aliyefariki mwaka 822, ana jina la muuza manyoya; wakasema hakuyashona wala hakuyauza, bali aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa akiyapasua maneno. Huenda ni kweli. Lakini ni dhahiri kuwa hawakuridhika mwenzao awe na jina lisilotoka katika kazi ya lugha.

Wanaoitetea simulizi ya kwanza huhofu kwamba ikianguka, mapenzi ya lugha yataondoka katika lakabu hii na kubaki balasi tu. Hofu hiyo haina msingi. Abu Hatim naye alikuwa mtaalamu wa lugha. Alipomwona rafiki yake amejikunyata penye kupozwa maji, hakumwita mwoga wala mtoro. Alikitazama chombo, akachukua kitenzi cha kazi yake, akakinyambua papo hapo, na irabu ikakaa mahali pake sawasawa. Mwenye lugha hufanya mzaha hivyo. Kwa al-Mazini lugha ni tuzo. Kwa Abu Hatim ni mchezo wa watu wawili wanaoelewana, na kwa hivyo ina uhai zaidi.

Ibn Khallikan, aliyekuwa kadhi, ameipima habari kwa uangalifu. Kwanza ametaja irabu za jina kwa maneno, herufi kwa herufi, asije mwandishi wa nakala akazikosea. Kisha akasema kuwa wanavyuoni wamehitilafiana, akakisimulia kisa cha balasi kwa urefu. Al-Mazini amempa sentensi moja tu.